Nani ana ruhusa ya kumwita mtu Scouser?

Ligi Kuu ya England ikianza, mashabiki wetu nao huanza kuitana majina. Wa Arsenal ni Washika Mitutu, wa Manchester United ni Mashetani Wekundu, wa Liverpool ni Majogoo. Hayo hayana ubaya. Ni majina ya klabu, mengi yametokana na nembo, na tumeshayavalisha kanzu ya Kiswahili mpaka watoto wanadhani yalizaliwa Kariakoo. (Yule ndege wa Liverpool si jogoo hata kidogo, ni ndege wa kubuni wa nembo ya mji, lakini tuyaache hayo.) Tatizo linaanza pale kijana wa Mbagala au Kayole mwenye jezi ya Liverpool anapojiandika "Scouser" kwenye wasifu wake mtandaoni, na mwenzake wa United wa mtaa huohuo anapomjibu, "Scousers nyie, kazi yenu kulialia." Wa kwanza amejipachika ukoo usio wake. Wa pili, pengine bila kujua, amewatukana marehemu 97.

Nianze na lililo rahisi. Scouser ni mtu wa mji wa Liverpool. Jina halihusiani na kuichezea klabu ya Liverpool wala kuishangilia. Shabiki wa Everton aliyezaliwa Walton ni Scouser sawasawa na jirani yake mwenye jezi nyekundu, na huenda hata wamelala chumba kimoja utotoni, maana kule familia kugawanyika nyekundu na bluu ni jambo la kawaida. Klabu zenyewe ni tumbo moja. Everton, iliyoanzishwa 1878, ndiyo iliyokuwa ikicheza Anfield, uwanja wa Liverpool wa leo, kabla ya kugombana na mwenye uwanja, John Houlding, kuhusu kodi. Ilipohama, Houlding akabaki na uwanja mtupu, akaunda timu yake mwaka 1892. Timu hiyo ndiyo Liverpool. Kwa hiyo mtangazaji anaposema "Scousers wanaongoza" wakati Liverpool inacheza na Everton, hajatuambia nani anaongoza.

Watu wa Dar es Salaam wangepaswa kulijua hili kuliko wengine. Tarehe 13 Julai 2017 Everton ilicheza na Gor Mahia Uwanja wa Taifa. Wayne Rooney, aliyekuwa amerejea klabu yake ya utotoni siku chache tu kabla, akapiga shuti la mbali likaenda kutulia wavuni. Everton ikashinda 2-1. Sidhani kama kuna Scouser maarufu kumzidi huyo aliyewahi kufunga bao katika ardhi ya Tanzania, na siku ile alivaa bluu. Kabla ya hapo alikaa Manchester United miaka 13, akaifungia mabao 253, zaidi ya mtu mwingine yeyote katika historia ya klabu hiyo, huku mashabiki wake walewale wakiimba nyimbo za kuwachukia Scousers. Walikuwa wanamshangilia Scouser na kuwalaani Scousers ndani ya dakika 90 hizohizo, na wala haikuwasumbua.

Jina lenyewe limetoka jikoni. Mabaharia wa kaskazini mwa Ulaya walikuwa na chakula chao cha melini, lobscouse, kinachotajwa kwenye maandishi ya Kiingereza tangu mwanzoni mwa karne ya 18: nyama ya chumvi, vitunguu, na biskuti ngumu za safari zilizovunjwavunjwa ndani ya mchuzi mpaka zilainike. Meli zilikitawanya pwani nzima. Hamburg wanacho mpaka leo, wanakiita labskaus. Nyama na viazi hupondwa pamoja na bitiruti hadi sahani inageuka ya waridi, juu wanaweka yai la kukaanga na pembeni samaki wa siki. Norway wanacho. Kaskazini mwa Wales wanacho. Liverpool walikata jina, wakabaki na scouse, na viazi vikachukua nafasi ya biskuti.

Namna inavyopikwa inaeleza mengi. Nyama ya ng'ombe au kondoo, ile ya bei rahisi isiyoiva haraka, inakatwa vipande na kukaangwa na vitunguu. Viazi vinaingia kwa awamu mbili. Vya kwanza vinawekwa mapema ili viyeyuke kabisa na kuufanya mchuzi uwe mzito. Vya pili vinawekwa baadaye, na hivyo ndivyo mlaji atakavyoviona. Karoti zinafuata. Chungu kinaachwa moto mdogo kwa saa nyingi, na wapo wanaosema kinanoga zaidi siku ya pili. Kinaliwa na mkate na kabichi nyekundu ya siki. Kwetu kingeitwa mchemsho uliopitiliza. Na kuna aina ya mwisho wa mwezi, isiyo na nyama kabisa, wanaiita "scouse kipofu". Viazi vile vya kuyeyuka vina kazi moja tu: kumfanya mtu aone sufuria limejaa wakati nyama ni ya kuhesabu. Mwaka 1797 Sir Frederick Eden alipochapisha uchunguzi wake kuhusu maisha ya maskini wa England, hesabu za nyumba ya maskini ya Liverpool zilikuwa na nyama, viazi na vitunguu vya kupikia chakula hichohicho.

Kumwita mtu kwa kitoweo chake si jambo geni kwetu. Muulize Mhaya kuhusu senene. Lakini ipo tofauti kati ya kumtania mtu kwa chakula anachokipenda na kumwita kwa chakula alichokula kwa sababu hakuwa na kingine. Scouser lilikuwa la namna ya pili. Watu wenye nafasi zao mjini walipendelea kuitwa Liverpudlian, jina ambalo nalo lilianza kama mzaha, kwa kuwa mwisho wa jina la mji umegeuzwa kuwa dimbwi la maji ya mvua. Scouse lilibaki la bandarini, la mabaharia na wapakuzi wa mizigo, likasafiri nao kwenye meli na jeshini, na kufikia katikati ya karne ya 20 Waingereza wa kila kona walikuwa wanalitumia kwa mtu yeyote wa mji ule, na kwa lafudhi yake.

Lafudhi hiyo ndiyo inayowatambulisha kabla ya jambo jingine lolote. Msikilize Jamie Carragher, beki wa zamani wa Liverpool, akichambua mechi. Herufi k ikiwa mwishoni mwa neno haikatiki. Inakwaruza kooni, inatoka kama kh ya mzee wa Lamu anapotamka "kheri". Sauti hiyo haipo London wala Manchester, na Manchester ni mwendo wa kama kilomita 50 tu. Wengi huihusisha lafudhi hiyo na wageni. Mwaka 1847 peke yake, njaa ya viazi ilipokuwa kali Ireland, karibu watu 300,000 walishuka kwenye bandari ya Liverpool. Wengine waliendelea na safari kwenda Marekani, wengine walibaki, na sensa ya 1851 ilikuta zaidi ya mmoja katika kila watu watano wa mji amezaliwa Ireland. Jimbo moja la Liverpool lilimchagua mzalendo wa Ireland, T. P. O'Connor, kuwa mbunge kuanzia 1885, naye akakikalia kiti hicho hadi alipofariki 1929. Ongeza Wawelshi, ongeza mabaharia wa Kichina na wa Afrika Magharibi waliooa na kukaa, unapata mji ulioipa England mgongo na kutazama baharini.

Utajiri uliojenga yale majengo ya mawe pale ufukweni ulitokana kwa sehemu kubwa na kusafirisha Waafrika utumwani, hadi Bunge la Uingereza lilipoipiga marufuku biashara hiyo 1807. Mji wenyewe unakiri hivyo, na mwaka 2007 ulifungua makumbusho ya utumwa palepale bandarini. Nalitaja kwa sababu kuna watu wakisikia "jina la wanyonge" wanadhani Liverpool yote ilikuwa ya wanyonge. Meli zilikuwa na wenyewe, na wenye meli hawakuwa wakila scouse.

Jina lilipata makali yake ya sasa miaka ya 1970 na 1980. Makontena yalipokuja, bandari haikuhitaji tena maelfu ya mikono. Uingereza ilipojiunga na soko la Ulaya mwaka 1973, biashara ilihamia bandari za upande wa pili wa kisiwa, zinazoitazama Ulaya. Viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine. Mji uliokuwa na watu zaidi ya 800,000 miaka ya 1930 ulikuwa umeshuka chini ya 450,000 ilipofika 2001. Julai 1981 mtaa wa Toxteth, wenye jamii ya weusi iliyo miongoni mwa kongwe kabisa nchini humo, ulilipuka kwa ghasia dhidi ya polisi. Wakati waziri Michael Heseltine akitaka serikali iwekeze pale, waziri wa fedha Geoffrey Howe alimwandikia Waziri Mkuu Margaret Thatcher kwamba wasilisahau kabisa wazo la kuuacha mji udidimie kwa utaratibu, wasije wakamaliza pesa wakijaribu kuyapandisha maji mlimani. Barua hiyo ilikaa kwenye makabati ya siri miaka 30. Ilipotolewa mwishoni mwa 2011, watu wa Liverpool hawakushangaa, walisema tu kwamba sasa wana karatasi.

Kipindi hichohicho ndipo Scouser lilipogeuka kichekesho cha taifa. Mwizi wa redio za gari, mvivu, mwenye nywele za mawimbi na suti ya michezo inayong'aa, anayeishi kwa posho ya serikali. Viwanjani wapinzani walichukua wimbo ambao mashabiki wa Liverpool huuimba kabla ya mechi wakaugeuza kuwa wa kupanga foleni ya posho ya wasio na kazi. Huo bado unaimbwa. Na upo mwingine, huu tuusikilize vizuri sisi wa upande huu wa dunia. Mwaka 1984 wanamuziki wa Uingereza walirekodi wimbo wa Krismasi kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia. Mashabiki wa timu pinzani wakauchukua, wakaweka Scousers mahali pa wenye njaa: walisheni Scousers, wajue ni Krismasi. Njaa ya Mwafrika imekuwa kipimo cha kumdharau mtu wa Liverpool. Nimeona video za mashabiki weusi wakiuimba kwa furaha, na sijui nianzie wapi.

Jibu la mji kwa wimbo ule limekuja kwa njia ambayo wanaoimba hawakuitarajia. Mwaka 2015 mashabiki wa Everton na Liverpool walianzisha pamoja chama cha kukusanya vyakula nje ya viwanja siku za mechi, kwa ajili ya benki za chakula za mitaa yao. Kaulimbiu yao inasema njaa haina jezi. Mmoja wa waanzilishi, Ian Byrne, baadaye akawa mbunge.

Sasa niende kwenye neno "kulialia". Tarehe 15 Aprili 1989, nusu fainali ya Kombe la FA kati ya Liverpool na Nottingham Forest ilichezwa Hillsborough, uwanja wa Sheffield. Polisi walifungua geti kupunguza msongamano wa nje, watu wakamiminika kwenye vizimba vya katikati vilivyokuwa tayari vimejaa, na walioko mbele wakabanwa kwenye uzio hadi kufa. Waliofariki, mpaka wa mwisho aliyekufa kwa majeraha yake mwaka 2021, ni 97. Siku nne baadaye gazeti la The Sun lilichapisha ukurasa wa mbele ukidai mashabiki waliwaibia maiti na kuwakojolea polisi. Ulikuwa uongo, ila ulikubalika kirahisi kwa sababu ile picha ya Scouser mwizi na mlevi ilikuwa tayari kichwani mwa kila mtu. Familia zilipigana mahakamani na nje ya mahakama. Mwaka 2012 jopo huru lilionyesha jinsi polisi walivyobadilisha maelezo ya mashahidi, na Waziri Mkuu David Cameron akaomba radhi bungeni. Aprili 2016, miaka 27 baada ya tukio, baraza la mahakama likaamua kwamba waliuawa isivyo halali, na mashabiki hawakuwa na kosa.

Katika miaka hiyo 27 ndipo ulipozaliwa wimbo unaosema Scousers siku zote ni wao walioonewa na kosa kamwe si lao. Kulialia kwenyewe ndiko huko. Hata wenye elimu zao waliuimba, kwa lugha safi zaidi: Oktoba 2004 jarida la The Spectator, mhariri akiwa Boris Johnson, liliandika kwamba mji ule umezoea kujiona muathirika, likarudia na hadithi ya mashabiki walevi wa Hillsborough. Chama chake kilimlazimisha apande treni kwenda Liverpool kuomba msamaha. Miaka 15 baadaye akawa Waziri Mkuu.

Wenzangu wa vijiweni huniambia, "Kaka, ule ni utani tu wa mpira, mbona unaupa uzito?" Sawa, tuongee utani, maana hapo sisi ni walimu. Mnyamwezi na Mzaramo wanataniana mpaka msibani. Mtani anaweza kulizuia jeneza mlangoni akidai apewe chake, anaweza kuigiza anavyokohoa marehemu, anaweza kujilaza kaburini akasema hatoki, na wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Hakuna anayekasirika. Lakini mtani huyohuyo ndiye aliyefika wa kwanza, ndiye aliyeshika jembe, ndiye atakayebaki kuosha vyombo wageni wakiondoka. Kejeli yake imelipiwa kwa kazi. Mpita njia akija msibani akaiga kikohozi cha marehemu, atapigwa.

Kwa kipimo hicho, mtani wa Liverpool ni Everton. Wiki ile ya Aprili 1989 watu walifunganisha skafu, nyekundu na bluu, mfululizo kutoka uwanja wa Everton hadi Anfield kupitia bustani ya Stanley Park. Fainali ya kombe lile ilipochezwa Mei 20 walikuwa ni wao wawili, Wembley. Ripoti ya jopo ilipotoka 2012, Everton iliwatoa uwanjani watoto wawili kabla ya mechi yake, mmoja jezi nyekundu, mwingine ya bluu, namba 9 na namba 6 mgongoni, kwa idadi ya marehemu ilivyokuwa wakati huo. Hao wakiwatukana wenzao siku ya mechi, na wanawatukana haswa, wana haki. Walishika jembe. Shabiki wa timu ya mbali anayeimba kulialia hajashika kitu. Haki hiyohiyo inadaiwa upande wa pili: wapo mashabiki wa Liverpool, hata huku kwetu, wanaoigiza ndege kwa mikono kuwakejeli United kwa ajali ya ndege ya Munich ya 1958 iliyoua wachezaji wao. Nao ni wapita njia msibani.

Watu wa Liverpool hawakulikataa jina. Wamelikalia. Februari 28 kila mwaka wana siku ya chakula chao, mikahawa inapika masufuria. Anfield utaona bendera zinazosema wao ni Scouse, si Waingereza, na wimbo wa taifa ukipigwa, wengi wanazomea. Walizomea Wembley kwenye fainali za 2022. Walizomea Mei 6, 2023, siku Mfalme Charles alipotawazwa, ligi ilipopendekeza wimbo upigwe viwanjani na Liverpool ikawa inacheza na Brentford. Watangazaji wetu siku ile walishangaa, mmoja akasema hawana adabu. Angejua historia ya jina wanaloitwa na wanaloitana angekuwa na la kueleza: mji ulioandikiwa barua ya kuachwa udidimie, uliodanganyiwa maiti zake, hauoni kwa nini uimbe. Kura ya Brexit ya 2016, ya kutoka au kubaki Umoja wa Ulaya, England kwa ujumla iliamua kutoka. Liverpool ilitaka kubaki kwa asilimia 58.

Na wanalilinda jina kwa wivu. Mtu wa miji ya jirani, St Helens au Warrington, akijiita Scouser anaambiwa yeye ni "wool", yaani wa mgongo wa sufu, mshamba. Watu wa Birkenhead, ng'ambo ya mto Mersey, ambako unaona majengo ya Liverpool kwa macho, wanabishaniwa kila siku. Kipimo maarufu cha mzaha ni pipa la taka: halmashauri ya Liverpool hugawa mapipa ya zambarau, na asiye na pipa la zambarau nje ya nyumba yake si Scouser. Kipimo kina raha yake, ila kinawaangusha hata vigogo. Steven Gerrard, nahodha wa zamani wa Liverpool, amekulia Huyton na Carragher amekulia Bootle, kote nje ya mipaka ya halmashauri ile, na sijasikia mtu mwenye akili timamu akisema Gerrard si Scouser. Sauti yake inamtosha.

Mgeni anaweza kupewa jina kwa heshima. Jürgen Klopp, Mjerumani aliyekuwa kocha wa Liverpool, alipewa heshima ya uhuru wa jiji Novemba 2022, na mitaani wanamwita wa kwao. Alipewa, hakujiandika mwenyewe. Hapo ndipo ninapotofautiana na vijana wetu wa Mbagala na Kayole. Kupenda klabu kwa moyo wote ukiwa kilomita maelfu ni halali, na Majogoo ni jina zuri la kupendea. Limetoka kwetu na linatutosha. Kwa waandishi na watangazaji nasema hivi: klabu iiteni Majogoo, Wekundu wa Anfield, chochote, Scouser liacheni kwa mtu wa mji, na mlitaje pale mji unapohusika. Mkisema Carragher ni Scouser, sawa. Mkisema Salah ni Scouser, mnatania. Mkisema "Scousers wamesajili beki", mmekosea.

Lilipotokea la Trent Alexander-Arnold, uelewa huu ulikosekana kabisa kwenye mijadala yetu. Beki huyo, kijana wa West Derby, mtaa wa Liverpool, aliingia shule ya soka ya klabu ya Liverpool akiwa na miaka sita, akashinda Ligi ya Mabingwa 2019 na ubingwa wa ligi mara mbili. Wimbo wake jukwaani ulimwita Scouser aliye kwenye timu yetu. Mei 5, 2025 akatangaza kuondoka mkataba ukiisha, safari ikawa ya Real Madrid. Siku sita baadaye aliingia kama mchezaji wa akiba dhidi ya Arsenal, na Anfield ikamzomea. Novemba alirudi na jezi ya Madrid, wakamzomea tena.

Huku kwetu niliona watu wakiandika kwamba amepoteza Uscouser. Hapana. Kilichowauma watu wa Anfield ni kwamba ni wa kwao na ameondoka bila klabu kupata ada ya maana. Angekuwa Mholanzi wangempigia makofi ya kumuaga, kama walivyowaagia wageni wengi. Rooney alizomewa Goodison, uwanja wa Everton wa wakati ule, kwa miaka kwa kosa la kuondoka kwao, kisha akarudi akavaa bluu na kuja kufunga Dar es Salaam. Wimbo wa Trent ulikuwa na vipande viwili, Scouser na timu yetu. Cha pili ndicho kilichokwisha muda wake.